Doa Chini ya Bawa

Kwa nini mtu apake ndege rangi nyeupe kwa uangalifu wote ule, kisha akae siku nzima akiichafua?

Nilimuuliza shangazi yangu swali hilo siku ya kwanza nilipomwona mwajiri wake mezani, na shangazi akanijibu kama alivyojibu maswali yangu yote mwezi ule: "Wewe, hata kuku akitaga utamuuliza sababu."

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nami nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nasoma chuo kikuu Uganda, maana kwetu Tanganyika hakikuwepo, na nilikuwa nimerudi Mbeya kwa likizo na tabia ambayo baba aliiita homa. Sikuweza kusikia jambo bila kuuliza limejulikanaje. Jumapili ya pili baada ya kufika, mwinjilisti alipomaliza kueleza habari za gharika, nilisimama kanisani nikauliza maji yale yote yalikwenda wapi yalipopungua. Wazee wawili walicheka. Mwinjilisti hakucheka. Tulipofika mlangoni nyumbani baba akasema, "Kesho utapanda basi uende Iringa kwa shangazi yako. Huko kuna udongo wa kukanda na kuta za kupaka kabla ya Krismasi. Utachoka, utanyamaza."

Shangazi ni dada yake baba. Aliolewa na Mhehe akahamia Iringa kabla sijazaliwa, na Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika Kinyakyusa cha kwao na Kihehe cha ukweni, hata watu wa Mbeya wakamwona mgeni na watu wa Iringa vilevile. Siku tatu kwa juma alifua na kupika kwa mwanamke wa Kizungu aliyeishi peke yake upande wa juu wa mji, katika nyumba ya matofali ya vyumba viwili. Watu walimwita Mama Mpolandi. Alikuwa mmoja wa wale wakimbizi walioletwa wakati wa vita, karibu wote wanawake na watoto, wakawekwa kambini nje ya mji. Vita vilipokwisha wenzake walisafirishwa kwenda nchi nyingine, yeye akabaki. Alishona sare za shule na magauni ya harusi mpaka macho yake yakaanza kuingia ukungu. Wanawake wengine wa Kizungu tuliwaita memsabu. Yeye alikuwa amekataa. "Memsabu ana farasi," alimwambia shangazi. "Mimi nina cherehani."

Nilipoingia kwake mara ya kwanza, nimebeba kikapu cha nguo zilizopigwa pasi, nilimkuta ameinamia meza karibu na dirisha, pua yake ikikaribia kugusa kitu. Nilidhani anashona. Kumbe ameshika ndege. Ndege ya vita, ndogo, yenye urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Alikuwa ameichonga mwenyewe kwa mbao laini, na mabawa yake ameyakata kwenye ubao mwembamba wa masanduku ya chai ya Mufindi. Mwili wote ulikuwa umepakwa kijani, na juu ya kijani akapaka nyeupe. Nyuma yake, kwenye rafu, zilikaa nyingine sita. Zote za aina moja, zote nyeupe, zote chafu.

Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akitengeneza kitu cha kuchezea ambacho hakuna mtoto wa kukichezea. Nilisimama na kikapu changu kichwani, mdomo wazi.

"Kamwene," alinisalimu kwa Kihehe bila kuinua uso.

"Kamwene, Mama."

"Wewe ndiye yule wa chuo? Shangazi yako anasema uliuliza mpaka mchungaji akakimbia."

"Alikuwa mwinjilisti, Mama. Na hakukimbia."

"Basi kaa. Una macho mapya. Niambie, hapa kwenye bawa, rangi imekaaje?"

Nilitazama. "Vizuri. Imekaa sawasawa kila mahali."

Akaguna. "Hiyo ndiyo shida. Imekaa kama harusi. Mimi nataka ikae kama kazi."

Kisha akanieleza, kwa Kiswahili kile alichojifunza kwa wanawake waliouza mayai kambini, kwamba baada ya mwaka mpya atapanda basi kwenda Dar es Salaam kukatwa jicho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. "Daktari amesema labda nitaona, labda sitaona. Kabla ya hiyo labda yake, nataka ndege moja iwe sawa. Hizi sita, zote zimekosea."

"Zimekosea nini?"

"Zimekosea," alisema, kama mtu anayefunga mlango taratibu. Kisha akanipa brashi.

Ndivyo nilivyoingia kazini. Shangazi alifua uani, mimi nikakaa dirishani na ndege. Aliniambia nyeupe ile ni ya theluji: nchi ikiwa nyeupe, ndege ya kijani inaonekana toka mbali kama nzi kwenye maziwa, kwa hiyo wanaipaka nyeupe ili adui akitazama toka juu asiione. Theluji sikuwahi kuigusa, lakini sakitu naijua. Kwetu nyanda za juu, asubuhi za mwezi wa sita, unaweza kuamka ukakuta majani ya viazi yamekuwa meupe, na jua likipanda yanageuka meusi kama yameungua. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Ndiyo, lakini hiyo yenu inaondoka kabla ya chai."

Nyeupe yenyewe aliichanganya kwa udongo ule mweupe ambao wanawake wa Iringa wanauchimba mabondeni kusiriba nyumba zao, akaulainisha kwa gundi kidogo na maji. Rangi ya dukani aliikataa, eti inang'aa na inang'ang'ania. Na hapo ndipo nilipoona kwamba kazi yake naijua kuliko alivyodhani. Nimekulia katika nyumba ya kusiribwa. Najua ukuta mweupe unavyozeeka. Hauchakai kila mahali. Unakwisha kwanza kwenye kona ambako watu wanaegemea bega wakisubiri chakula. Unakwisha pembeni mwa mlango, kwenye kimo cha mkono. Chini unapata matone mekundu ya matope yanayorushwa na mvua, na chini ya paa unapata michirizi mirefu, na mchirizi haupandi juu hata siku moja.

Nilimuuliza, "Mama, fundi wa ndege anakanyaga wapi akipanda?"

Akanionyesha mahali bawa linapoungana na mwili.

"Basi hapo pabaki kijani. Na injini inafunguliwa wapi? Anashika wapi?"

Nilichukua kitambaa chenye unyevu nikasugua nyeupe pale fundi anapokanyaga, mpaka kijani kikachungulia. Pembeni mwa kifuniko cha injini nilisugua kwa ncha ya kidole, kwa kimo cha mkono, kama pembeni mwa mlango. Nyuma ya tundu la moshi nilipaka masizi ya taa, nikayavuta kwenda nyuma kwa unyoya wa kuku. Mama Mpolandi aliisogeza ndege karibu na jicho lake la kushoto, lile lililokuwa na nafuu, akaizungusha polepole kwenye mwanga. Kisha akapiga meza kwa kiganja.

"Njoo uone!" akamwita shangazi. "Binti yako anajua! Nani amemfundisha?"

Shangazi akatokea mlangoni na povu la sabuni mpaka viwikoni. Akatazama ndege, akanitazama mimi. "Miaka yote hiyo shuleni," akasema, "na amekuja kujua kuchafua. Baba yake atafurahi."

Siku ya tatu nilimuuliza swali ambalo lilikuwa linanikera. "Mama, wewe umejuaje haya? Umewahi kuwa karibu na ndege kama hii?"

"Nimezipaka."

"Hizi za mbao."

"Zile za kweli. Kwa fagio."

Niliweka brashi chini. Akaendelea kuchonga tairi dogo huku akizungumza, na hakuna alichokisema ambacho kilikuwa katika vitabu nilivyofundishwa. Alisema askari walikuja nyumbani kwao asubuhi moja, wakawapa nusu saa kufunga mizigo, wakawapakia kwenye mabehewa ya ng'ombe, wakasafiri majuma kadhaa mpaka kwenye msitu wa baridi. Huko walikata magogo. Baadaye wakaambiwa mko huru, nendeni kusini, lakini treni hazikuwepo, kwa hiyo walikaa kwenye stesheni moja jirani na uwanja wa ndege. Mkate ulitolewa kwa anayefanya kazi. Kazi ilikuwa kupaka ndege nyeupe, upesi, kabla theluji haijakaa sawasawa. Wanawake thelathini wakapewa ndoo na fagio za vijiti.

"Ndoo ilikuwa na maji ya moto," alisema. "Ukichovya fagio, ukiinua, imeshaganda. Ilikaa michirizi michirizi, mbaya. Rubani alitukana. Alisema ndege imekuwa nzito kama ng'ombe aliyelowa."

"Na hao askari waliowachukua," niliuliza, "walikuwa watu gani?"

"Wazungu."

"Wazungu gani?"

"Wazungu tu. Kama mimi."

Sijui namna ya kumweleza msomaji wa leo jinsi nilivyoshtuka. Mimi nilikuwa nimekua nikiona Mzungu ndiye anayempakia mtu mwingine kwenye lori. Mzungu ndiye aliyekuwa na karatasi, mhuri, orodha ya majina. Kwamba kuna mahali Mzungu anasukumwa kwenye behewa la ng'ombe na Mzungu mwenzake, na mwanamke wa Kizungu anapaka rangi kwa fagio ili apate kipande cha mkate, lilikuwa jambo ambalo halikuwa na pa kukaa kichwani mwangu. Nilichokifanya ndicho nilichozoea kufanya: sikuamini. Siku iliyofuata nilikwenda shule ya misheni nikaomba kutazama atlasi. Nilipima kwa kamba ya kiatu kutoka Poland mpaka kwenye misitu aliyoitaja, kisha kutoka huko mpaka Uajemi, ambako alisema ndiko walikopitia, kisha mpaka Iringa. Nikarudi kwa shangazi na kamba yangu.

"Haiwezekani," nilimwambia. "Mtu hawezi kwenda mbali hivi kwa njaa. Nafikiri anatunga."

Shangazi alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Nilikuwepo walipofika," alisema. "Tulikwenda na mayai kambini, mimi na mama mkwe. Walishuka kwenye malori vichwa vyote vimenyolewa. Wanawake, watoto, wote vipara, kwa sababu ya chawa. Tulicheka, mwanangu. Hatukuwahi kuona Mzungu kipara wa kike. Tulicheka sana. Halafu mama mkwe akatuambia kwa sauti, nyamazeni nyote, hamwoni miguu yao?"

"Miguu yao ilikuwaje?"

"Kajiulize na kamba yako."

Nilinyamaza siku nzima, kama baba alivyotaka. Lakini sikuacha kutilia shaka. Nilianza tu kutilia shaka vitu vingine, hasa vitabu vyangu.

Zikabaki siku mbili Krismasi ifike. Ndege ilikuwa imekwisha, kasoro tumbo lake. Mama Mpolandi alisema tumbo atalifanya mwenyewe, siku jua litakapokuwa kali, na mimi nikamwambie shangazi mapema asimpikie chakula cha mchana, asije akamkatiza. Asubuhi ya siku iliyotangulia Krismasi jua lilitoka kali kweli. Tulimwacha peke yake. Saa sita tulipopita alikuwa amejifunga kilemba chake cha kanisani, anakwenda kuungama kwa padri. Alionekana mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

"Imekwisha," alituambia. "Ipo mezani, inakauka. Nikirudi tutaiangalia pamoja."

Siku ile mimi na shangazi tulikuwa na udongo mpaka kwenye nywele. Kwa watu wa huku, Krismasi haiingii kwenye nyumba chafu. Juma zima kabla ya sikukuu, kuanzia Njombe mpaka Mbeya, wanawake wanasiriba. Kila doa la mwaka mzima, moshi wa jiko, alama za mikono ya watoto, matope ya masika, vyote vinafunikwa. Ukipita barabarani siku hiyo unaona nyumba zinang'aa mlimani kama meno. Tulikuwa tumemaliza kwa shangazi, tukaja kumsiribia Mama Mpolandi baraza lake kama zawadi, na ndoo yangu ilikuwa na udongo mwororo uliobaki.

Niliingia ndani kunawa mikono. Ndege ilikuwa mezani, imelazwa chali, tumbo juu. Nikaiinamia kuangalia kazi ya mwenzangu. Ilikuwa nzuri. Michirizi imekaa, kijani kinachungulia panapostahili. Lakini chini ya bawa la kushoto, karibu na mwili, kulikuwa na doa. Lilikuwa baya. Kama mtu ameangusha brashi, kisha akajaribu kufuta, kisha akachoma choma kwa sindano: vijidoa vitano na mchubuko mmoja wa kijani katikati, si mkubwa kuliko punje ya ulezi.

Nilifikiri kama nilivyofundishwa kufikiri. Doa lina sababu. Maji yanashuka, kwa hiyo chini ya bawa hakuna mchirizi. Fundi anakanyaga juu ya bawa, si chini. Moshi unakwenda nyuma. Matairi yanarusha matope, lakini matope ni mekundu au meusi, si kijani, tena hayarushi mahali pale. Nilizitaja sababu zote ninazozijua na hakuna hata moja iliyofika hapo. Kwa hiyo doa lile lilikuwa kosa. Macho yake yamemsaliti, nikasema moyoni. Kazi ya mwezi mzima, ndege yake ya mwisho, imeharibiwa na mkono usioona, na yeye mwenyewe hajui.

Nilichovya brashi nyembamba kwenye udongo wangu mwororo. Nikafunika. Nikapuliza mpaka pakakauka, nikafunika tena. Kisha, kwa kuwa najua kazi, nikalichakaza eneo lile kidogo kwa kitambaa ili lifanane na jirani zake. Shangazi alichungulia dirishani.

"Unafanya nini tena?"

"Kulikuwa na doa. Nimelisiriba."

"Vizuri. Krismasi hiyo."

Mama Mpolandi alirudi mnamo saa tisa. Alisifu baraza, akamshika shangazi mashavu kwa mikono miwili, akasema kwenye nyumba nzima hakuna mahali pa dhambi kujificha. Shangazi alicheka sana. Kisha Mama Mpolandi akaingia, akavua kilemba, akaketi, akaichukua ndege. Hakuipeleka machoni kwanza. Aliigeuza, akapitisha kidole cha shahada chini ya bawa la kushoto, taratibu, kama mtu anayetafuta mwanzo wa uzi.

Kidole kilikwenda. Kikarudi. Kikaenda tena.

"Iko wapi?" alisema.

"Nini, Mama?"

"Iko wapi?"

"Kulikuwa na doa," nikasema. Nilikuwa bado natabasamu. "Nafikiri brashi ilianguka. Nimelifunika, Mama, haliko tena, hata usihangaike."

Akaisogeza kwenye jicho la kushoto, mpaka nyusi zikagusa mbao. Alikaa hivyo muda mrefu. Shangazi alikuwa ameingia na chai, akasimama nayo.

"Umefuta mkono wake," alisema Mama Mpolandi.

Hakupaza sauti. Mpaka leo natamani angenipiga.

Alituambia akiwa anatazama ukutani. Alikuwa na mtoto wa kike, miaka minne. Pale kwenye uwanja wa ndege hakuwa na wa kumwachia, kwa hiyo alimfunga matambara miguuni akaja naye. Mtoto alikuwa mfupi kiasi cha kupita chini ya bawa bila kuinama. Siku moja, wakati rangi ilikuwa bado mbichi, mtoto alinyoosha mkono juu akaugandisha chini ya bawa, pap, kiganja kizima, akacheka. Mlinzi naye akacheka. Mama alipoinua fagio ili afunike, mlinzi akasema acha, inatosha, nenda nyingine. Baridi ikaikamata ile alama ikakaa.

"Asubuhi ndege iliruka," alisema. "Niliiona ikipita juu, chini kabisa. Niliuona mkono. Au nilijiambia nimeuona. Baada ya juma mbili tulipata treni. Yeye akashikwa na homa. Kwenye stesheni moja walifungua mlango wakachukua waliokufa, na treni haikusimama muda wa kuuliza hapa panaitwaje."

Shangazi aliweka chai chini.

"Sina picha," alisema. "Sina nguo. Sina kaburi, sijui hata ni nchi gani. Nina mkono huo tu, na uliruka."

Nilichukua kitambaa chenye unyevu. Nilifikiri udongo wangu ni mbichi kuliko wake, utatoka peke yake, wa chini utabaki. Nilisugua kidogo sana. Vyote vilitoka pamoja. Kikabaki kijani kitupu.

"Basi uweke wewe," aliniambia. "Jua linashuka. Mimi sioni sindano tena."

"Mama, siwezi. Mimi sikumwona."

"Na mimi sikuoni wewe. Kaa."

Nilipaka nyeupe upya chini ya bawa, na kabla haijakauka nikashika sindano. Alinikamata kifundo cha mkono, mkono wake ukiwa baridi na mkavu. Kiganja hapa. Vidole huku, vimeachana, alikuwa anacheka. Kidole gumba upande wa mwili wa ndege. Hapana. Upande wa nje. Ulikuwa mkono wa kulia. Akasita.

"Una hakika?" nilimuuliza. Lilitoka lenyewe, kwa mazoea.

"Hapana," alisema.

Aliponiachia niliinuka, nikaenda kwenye rafu, nikageuza ile ndege ya kwanza. Chini ya bawa la kushoto palikuwa na vijidoa vitano, gumba upande wa ndani. Nikageuza ya pili. Gumba upande wa nje, na kiganja karibu zaidi na tairi. Nikageuza zote sita. Mikono sita, kila mmoja umekaa mahali pake, hakuna miwili iliyolingana. Ndege zile zilikuwa mbele ya macho yangu mwezi mzima. Nilikuwa nimeuliza habari za gharika, za kamba, za atlasi, na sikuwa nimegeuza hata moja.

Nilirudi nikaketi. Niliweka gumba upande wa nje, kwa sababu ndilo neno lake la mwisho. Alisubiri ikauke, akapitisha kidole. Akakipitisha mara ya pili, kisha akasema, "Ndiyo. Hii ndiyo." Sikuwa na njia ya kujua kama alisema kweli au alinihurumia, na kwa mara ya kwanza katika likizo ile sikuuliza.

Krismasi tulikula kwake, kuku na viazi, miguu yetu ikiwa kwenye baraza jeupe ambalo sikupenda kulitazama. Siku nne baada ya mwaka mpya alipanda basi la Dar es Salaam, ndege ile moja ikiwa imefungwa kwenye kitambaa cha gauni la harusi, imekaa mapajani mwake. Mimi nilipanda basi la Mbeya. Baba alinipokea, akaniangalia, akasema, "Umenyamaza." Nikamwambia ndiyo. Alifurahi siku mbili, siku ya tatu akamuuliza mama kama naumwa.

Shangazi aliniandikia chuoni, kwa mkono wa mwalimu wa jirani. Jicho moja lilipona nusu. Baada ya mwaka ndugu yake Mama Mpolandi alipatikana katika nchi nyingine ya baridi, naye akaenda huko na ile ndege. Zile sita alimwachia shangazi, aliyeziweka juu ya kabati na kuzipangusa vumbi kila Jumamosi kwa kitambaa kikavu. Cha maji alikipiga marufuku, hata kwa wajukuu. Sikumwona tena yule mama, wala sikusikia habari zake.

Nilikuwa na zaidi ya miaka arobaini, nikisubiri mvua ipite ndani ya maktaba moja mbali na nyumbani, nilipofungua kitabu kinene cha mafundi wa ndege za vita vile na kukuta ukurasa mmoja kuhusu ile rangi nyeupe. Ilikuwa ya chaki na gundi tu, na ilichanganywa hivyo kwa makusudi, ili isidumu. Theluji ilipoanza kuyeyuka, kila ndege iliyokuwa bado inaruka ilirudishwa uwanjani, ikasuguliwa kwa maji ya moto na fagio, juu na chini ya mabawa, mpaka kijani kikarudi.